Jiwe Usiulize Jina, Angalia Nyama Yake

Toleo lililopita jamaa wa Kimara aliuliza achukue mawe gani ya msingi, nami nikamjibu kwa sentensi moja tu, kwamba achukue mawe meusi ya Lugoba, haya meupe ya Boko na Kunduchi awaachie wenye viwanda vya saruji. Aisee nimesemwa. Jumbe zimejaa, wengine wamenitukana kistaarabu, wengine wameuliza vitu vya maana kabisa, mpaka nimeona leo safu nzima tuongelee mawe. Wenye mapaa yanayovuja mnivumilie hadi mwezi ujao.

Anko shikamoo. Unasema mawe meupe hayafai. Mi nimekulia Kilwa Masoko, ng'ambo tu ya Kisiwani, na msikiti mkuu pale umejengwa kwa matumbawe toka enzi za masultani huko, na hao masultani hawakuagiza lori lolote kutoka Lugoba. Sasa nani mkweli, wewe au msikiti? – Mkilwa wa Temeke

Marahaba mwanangu. Msikiti ndo mkweli.

Nilikosea kulitaja jiwe kwa rangi na kijiji lilikotoka, wakati kinachoamua nguvu ya jiwe ni kile mi napenda kukiita nyama yake. Yani ukilipasua ukachungulia ndani, punje zake ni kubwa au ndogo, zimeshikana vipi, vitundu viko kiasi gani, na je zimejipanga kwa mistari au zimejikalia tu kila moja na njia yake. Mawe mawili yanaweza kuwa na madini yaleyale asilimia kwa asilimia, moja ukalijengea daraja na lingine likakumong'onyokea mkononi.

Chukua kashata ya karanga. Karanga yenyewe ngumu, lakini ukiiuma kashata inaachia kwenye sukari, na mpishi akibania sukari basi hata karanga zingekuwa za chuma kashata itakuvunjikia kabla hujaifikisha mdomoni. Jiwe la mchanga ndo hivohivo. Punje zake nyingi ni kwatsi, kitu kigumu kinachokwaruza kioo, ila zimegandishwa na gundi, na hiyo gundi ikiwa kwatsi yenyewe utapata jiwe la kumtoa jasho fundi, ikiwa chokaa utapata la wastani, na ikiwa udongo mfinyanzi basi siku masika yakilikuta limeloa chapachapa linaweza kupoteza hata nusu ya nguvu yake. Punje zote ni zilezile.

Granaiti haina gundi kabisa. Ile ilikuwa uji wa moto huko chini ardhini, ukapoa taratibu sana, punje zikakua zikibanana hadi kila moja ikaingia kwenye pengo la mwenzake, kama ukivipitanisha vidole vya mikono miwili ukakaza, mtu akitaka kuitenganisha lazima avunje kidole. Na hapohapo nijisahihishe, mengi ya hayo mawe ya Lugoba tunayoyaita granaiti sio granaiti hasa, ni mawe ya zamani yaliyopikwa upya kwa joto na mgandamizo kwenye ule mkanda mkubwa wa miamba unaopanda kutoka Msumbiji, ila kwa habari ya kushikana yako vilevile, punje zimekua upya zikang'ang'aniana.

Matumbawe sasa, ambayo nayo ni jiwe la chokaa, kama hayo meupe ya Boko. Yale yamejengwa na viumbe wadogo wa baharini, kila mmoja na kijumba chake, wenyewe wakafa vijumba vikabaki, kwa hiyo jiwe zima ni mtaa wa vijumba vitupu, na ukilibana ni hewa nyingi ndo unayoibana. Viwango vya Marekani vya mawe ya kujengea vinataka granaiti ihimili angalau megapaskali 131, wakati jiwe la chokaa la daraja la chini kabisa linatakiwa 12 tu. Kwa lugha ya sokoni, tazama ukucha wa kidole chako cha mwisho, ni kama sentimita moja ya mraba hivi. Eneo hilo kwenye granaiti linabeba zaidi ya kilo 1,300, kwenye chokaa ya daraja la chini kama kilo 120. Karibu mara 11. Ukiishia hapo utasema si ndo Anko alivyosema? Ngoja kwanza.

Tupige hesabu ya ukuta wenyewe. Chukua ukuta wa matumbawe unaopanda mita 10 kwenda juu, tuseme kila mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,800. Kule chini kabisa kwenye mawe ya mwanzo, ukucha mmoja unabeba kilo 1.8. Paketi mbili za sukari haifikishi! Jiwe lina uwezo wa kilo 120 na umelitwisha chini ya 2. Weka sakafu, weka dari, weka na harusi inachezwa juu ya hiyo dari, bado sana. Ndo maana lile jumba la Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani, la karne ya 14, kuta zake nyingi bado unazigusa kwa mkono, na hapa mjini Old Boma iliyojengwa 1867 zama za Sultani Majid ni matumbawe na bado ipo. Ukuta wa mawe ni nadra sana kuanguka eti kwa sababu jiwe limesagwa na uzito. Unaangushwa na maji, chumvi, mizizi ya mwarobaini, chokaa ya kushikia imeoza, ama jirani kang'oa mawe usiku akajengee jiko lake.

Na wazee hawakuokota tu. Kuta walizijenga kwa matumbawe ya nchi kavu, yale yaliyokwisha kaza, ila mihrabu na vizingiti vya kuchonga walitumia matumbawe mabichi yaliyotolewa baharini, ya aina yenye vitundu vidogo vinavyolingana, kwa sababu likiwa bichi linachongeka kirahisi na likikauka linakaza, na vitundu vikilingana patasi haikimbilii upande. Walikuwa wanachagua nyama ya jiwe kwa kazi, na hicho ndo nilichoruka mwezi uliopita.

Kwa hiyo jamaa wa Kimara nakuomba radhi hadharani. Kama ni nyumba ya chini ya kawaida, jiwe jeupe lililoshikamana vizuri litakubebea bila wasiwasi. Linaloniogopesha kwenye jiwe la vitundu ni maji kupanda kama mafuta kwenye utambi wa koroboi, kwa hiyo ile nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi usiibanie hata kidogo. Ukishafika kwenye ghorofa na nguzo hapo muulize injinia wako, sio mimi.

Sawa Anko, ila hayo meupe yaliyoshikamana ntayajuaje? Mwenye lori anasema yote ni ya Boko na yote sawa. – Mjenzi wa Madale

Sio sawa. Kwenye machimbo mamoja unakuta jiwe kama chaki na hatua 20 mbele jiwe linalogonga kama kengele, maana mahali pengine maji ya mvua yalipita kwa maelfu ya miaka yakayeyusha chokaa na kuigandisha tena ndani ya vitundu, yakaviziba, na pengine yalitafuna tu yakaacha mapango.

Kwanza nenda na nyundo. Chukua jiwe la katikati ya lori, sio la juu, ya juu yamepangwa kwa ajili yako. Ligonge. Jiwe zima linalia, jiwe lenye nyufa ama udongo ndani linasema puu kama papai. Halafu lipasue uangalie pale palipopasuka, sio ngozi yake ya nje, ngozi ya jiwe inadanganya kuliko rangi ya nywele. Ukikwangua kwa msumari chokaa yoyote itachorwa, hilo usishtuke, lakini ikimomonyoka unga kwa ukucha wa kidole hilo rudisha.

Kipimo ninachokiamini zaidi hakihitaji nyundo, kinahitaji mzani wa muuza nyama na ndoo. Anika jiwe juani siku tatu, lipime, lizamishe kwenye maji toka leo saa hii mpaka kesho saa hii, lifute na kitambaa, pima tena. Tuseme lilikuwa kilo 10 limekuwa kilo 10.6, basi limekunywa asilimia 6. Vile viwango nilivyovitaja vinaruhusu chokaa ya daraja la chini inywe hadi asilimia 12, ya kati 7.5, ya juu 3, na granaiti isizidi 0.4. Jua la Dar sio oveni ya maabara nakubali, lakini kati ya jiwe la 4 na jiwe la 14 utaona tofauti bila digrii. Kama mradi ni mkubwa peleka sampuli maabara wakazibonyeze kwenye mashine, ni hela kidogo ukilinganisha na kubomoa.

Na usinunue mawe yameloa. Mi mwenyewe niliwahi kujenga ukuta wa kuzuia udongo huko Kibamba, mawe yakaja asubuhi yamepigwa na mvua usiku kucha, yote rangi moja ya kijivu, mazuri yanavutia. Yalipokauka nikaona nusu ni chaki. Nilishajenga. Masika ya pili mawe ya chini yakaanza kuachia kama mkate uliochovywa kwenye chai, na aliyeniuzia simu yake ikawa haipatikani.

Anko habari za kazi. Nimeonyeshwa slabu mbili za kaunta ya jikoni, moja ina punje kubwa za pinki kama zabibu, nyingine ya kijivu punje ndogo kama chumvi. Muuzaji anasema zote granaiti, uimara sawa, nichague rangi. – Dada wa Mbezi Beach

Salama dadangu. Rangi chagua, ila uimara sio sawa.

Kuna mhandisi wa Uingereza, A. A. Griffith, mwaka 1921 alikuwa anahangaika na vioo, kwanini kioo kinavunjika kwa nguvu ndogo kuliko inavyotakiwa kimahesabu. Akaonyesha kwamba kila kitu kigumu kina vijinyufa ambavyo huvioni, na ule mrefu kuliko yote ndo unaoamua lini kitu kivunjike, ukirefuka mara 4 nguvu inashuka hadi nusu. Kwenye jiwe vijinyufa hivyo vinakaa kwenye mpaka wa punje na punje, ama ndani ya punje yenyewe, maana zile zabibu zako za pinki ni madini yanayoitwa feldspa, na feldspa ina tabia ya kupasuka kwa bapa kama kuni kavu. Punje ya sentimita 3 inampa ufa barabara ya lami ya sentimita 3 moja kwa moja. Punje ndogo zinamlazimisha akate kona kila baada ya milimita, anachoka. Ndo maana granaiti ya punje ndogo kwa kawaida inaishinda ya punje kubwa, na basalti, lile jiwe jeusi la volkano ambalo punje zake huzioni hata kwa macho makali, ikiwa haina matundu ya hewa inazishinda granaiti nyingi.

Ila kaunta haivunjiki kwa kubonyezwa, inavunjika kwa kupinda, na kwenye kupinda mawe yote ni dhaifu, yanabeba sehemu ndogo tu ya yale yanayobeba kwa kubonyezwa. Pale mbele ya sinki panapobaki kipande chembamba ndo pa kuangalia. Ukipenda ya zabibu chukua, pesa ni yako, ila mwambie fundi aweke chuma ama ubao chini ya kile kipande, na wakati wa kuibeba waisimamishe kama mlango wasiilaze.

Halafu hakikisha hujauziwa marumaru. Na hapa Kiswahili chetu kinatuponza, maana siku hizi kila tailizi ya sakafuni inaitwa marumaru, wakati marumaru yenyewe ni chokaa iliyopikwa ardhini. Dondoshea tone la limau kwenye kipande cha sampuli uliache kidogo, marumaru italiwa ipoteze mng'ao, granaiti haitajua kama umepita.

Mawe ya bapa ya kutandaza bustanini, mengine yanabanduka kama chapati baada ya mwaka, mengine hayana shida. Kwanini? – Mstaafu, Kinyerezi

Mzee shikamoo, umelitaja jina lake mwenyewe. Ni chapati, ile ya kusukuma, yenye matabaka.

Mawe yale yalibanwa ardhini mpaka punje zake bapa zikalala upande mmoja, hasa ulanga, vile vigamba vinavyong'aa juani. Ulanga hauna mshiko, unabanduka kwa kucha. Ukiwa umetawanyika jiwe ni zuri, ukiwa umejipanga mstari mzima basi hiyo ni zipu. Tazama ubavu wa jiwe, ukiona mistari mirefu inayometa isiyokatika mwachie muuzaji, ukiona mistari imekatikakatika ama imejikunja hilo linadumu.

Na namna ya kulilaza ni nusu ya nguvu yake. Matabaka yakilala na mzigo ukatoka juu, jiwe linabeba vizuri. Yakisimama wima bado linajitahidi, ila likiwa kwenye ukuta tabaka la nje linaanza kubanduka kama ngozi ya kitunguu. Mbaya kuliko zote ni mshazari, matabaka yakiinama kama nyuzi 30 kutoka kwenye mwelekeo wa mzigo yanaanza kuteleza moja juu ya jingine, na jiwe hilohilo linaweza kukupa chini ya nusu ya uwezo wake. Fundi mzuri utamwona analigeuzageuza jiwe mkononi kabla hajaliweka, watu wanadhani anapoteza muda.

Nyumba ya bibi huku Kigamboni ni ya matumbawe, tuliipiga plasta ya saruji ipendeze, sasa plasta inatoka na jiwe lenyewe linatoka nayo. Mbona kabla ya plasta lilikuwa zima miaka yote? – Mjukuu

Pole. Plasta ndo mkosaji hapo, mjukuu.

Jiwe la vitundu linapumua. Hewa ya bahari ina chumvi, maji ya chini yana chumvi, yote yanaingia kwenye jiwe na zamani yalikuwa yanatokea kwenye plasta ya chokaa, chumvi inakaukia hukohuko nje, chokaa inaharibika kidogo, bibi anaita fundi anapaka tena. Chokaa ilikuwa inajitoa mhanga. Saruji ni ngumu na imebana, maji yanapata tabu kutoka, yanakaukia nyuma yake ndani ya vitundu vya jiwe, chumvi inageuka kuwa punje, punje inakua, inasukuma kuta za kitundu mpaka kinapasuka. Na hapa vitundu vidogo ndo hatari zaidi kuliko mapango makubwa, maana kwenye pango chumvi ina nafasi ya kukaa, kwenye kitundu kidogo haina pa kwenda.

Bandua saruji pole kwa pole, kwa mkono, sio kwa mashine, liache jiwe likauke muda wa kutosha, litakuwa linatoa unga mweupe, unga huo ufagie mkavu usiuoshe maana maji yataurudisha ndani. Halafu rudishia chokaa na mchanga. Mchanga usiwe wa ufukweni jamani, nimeona mtu amefanya yote hayo vizuri afu akachota mchanga pale Mjimwema.

Kokoto nazo zina mambo hayo? – Fundi zege, Gongo la Mboto

Zinayo. Saruji inakamata vizuri kokoto yenye uso mkwaruzo na kona kuliko ile laini ya mtoni iliyonyolewa na maji. Bapa zikizidi zege linabaki na mapengo, na vumbi likizidi ni sawa na kugundisha karatasi kwenye ukuta wenye masizi, kwa hiyo chekecha ama osha. Kokoto za matumbawe kwenye zege lenye nondo mi sitaki kuzisikia, hasa kama zimetoka karibu na bahari, zinakunywa maji ya zege na chumvi yake inakula nondo.

Anko fundi wangu anamwagia mawe maji kabla ya kujenga, ndoo kwa ndoo, na maji huku tunanunua kwa boza. Hanipigi kweli? – Msomaji wa Mbagala

Mawe gani? Kama ni meupe, hakupigi. Jiwe kavu lenye vitundu linanyonya maji ya udongo wa saruji kabla saruji haijakaza, inabaki unga mkavu usioshika kitu, kwa hiyo anafanya sawa, mradi tu alowanishe yasiwe yanachuruzika. Ila ukimkuta anamwagia mawe ya Lugoba ndoo kwa ndoo, yale hayanywi kitu, yatateleza tu kwenye udongo, hapo ndo umuulize maji ya boza yanaenda wapi.